Mnatuuzia kitanda cha angani, halafu mnatufungia launji ya kulia chakula kabla ya kulala

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Uzi huu ni wa hasira, kwa hiyo mwenye presha apite kando. Unawahusu wote wanaouza tiketi za daraja la biashara kwa safari za usiku za kurudi nyumbani, iwe London–Nairobi, Istanbul–Dar au Doha–Zanzibar, huku wakijua fika kwamba abiria analipa mara kadhaa ya bei ya ikonomi kwa sababu moja tu: anataka kushuka asubuhi akiwa amelala.

Tuanze na hesabu, maana watetezi wao hawachelewi kuja na lile jibu lao kwamba launji, ule ukumbi wa kiwanjani wa kula, kuoga na kupumzika kabla ya kupanda, ni nyongeza tu. London hadi Nairobi ni kama saa nane na nusu. Taa ya mikanda inazimwa dakika 20 hadi 30 baada ya kuruka, kisha kitambaa cha moto, vinywaji, chakula cha kuanzia, chakula chenyewe, kitu kitamu, kusafisha meza. Saa mbili zimeondoka. Kule mwisho taa zinawashwa saa moja na nusu au mbili kabla ya kutua ili watu wanywe chai. Umebakiwa na saa nne na nusu kwenye kitanda ulichokilipia kwa saa nane. Na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, London iko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Ndege ikikanyaga lami Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, mwili uliotoka London unajua ni saa tisa usiku.

Doha–Dar ni balaa zaidi. Safari ni kama saa sita. Toa chakula cha usiku, toa chai ya asubuhi, hesabu kilichobaki. Na huko huwezi hata kusingizia tofauti ya saa, kwa kuwa Doha na Istanbul zinakwenda sawa na Dar mwaka mzima.

Dawa yake anayepanda ndege hizi mara kwa mara anaijua: unakula chini, unaoga chini, unabadilisha nguo chini, ukifika kitini unamwambia mhudumu asikuamshe hadi dakika 40 kabla ya kutua. Hapo usingizi wa London–Nairobi unapanda hadi saa sita na ushee. Kwa hiyo kwenye safari ya usiku launji ndiyo nusu ya kitanda. Ukimnyima mtu launji umemkata saa mbili za usingizi, hata kama kiti kinalala bapa kama meza ya kupigia pasi.

Sasa wanavyotufanyia.

Kwanza, tiketi za biashara zisizo na launji. Emirates walianza kuuza bei ya namna hii mwaka 2019, wakaiita Special. Qatar Airways wakafuata mwaka 2020 na ya kwao ya Lite. Mashirika yenyewe yameandika masharti, kwa hiyo hapo sina kesi nao. Kesi yangu ni na mawakala na tovuti za kulinganisha bei wanaokuandikia "Business" kwa herufi kubwa, bei nzuri, basi. Neno Lite halionekani popote hadi uletewe tiketi, na hata humo limefichwa kwenye mstari wa masharti ya bei. Mteja anafika mlango wa launji, anaskani pasi ya kupandia, mashine inawaka nyekundu, mhudumu anamwangalia kama mwizi. Kabla hujatuma pesa, mwambie wakala akuandikie kwa WhatsApp vitu vitatu: jina kamili la aina ya bei, kama launji imo kwenye kila kipande cha safari, na nani hasa anaendesha ndege ya kila kipande. Akikataa kuandika, umeshapata jibu.

Hilo la nani anaendesha ndege lina sumu yake. Haki za launji za miungano ya mashirika ya ndege zinafuata ndege inayoruka kweli. Namba ya tiketi peke yake haitoshi. Kenya Airways wako SkyTeam, Ethiopian wako Star Alliance tangu Desemba 2011, Qatar Airways wako oneworld tangu 2013. Precision Air hawamo kwenye muungano wowote. Tiketi yako ikiwa na namba ya KQ (Kenya Airways) lakini kipande cha Nairobi–Kilimanjaro kinaruka na ndege ya Precision, kadi yako ya uanachama ya SkyTeam Elite Plus haina nguvu yake ya kawaida kwenye kipande hicho. Usigombane na binti wa mapokezi, yeye mashine ndiyo inamwamulia.

Na waliopandishwa daraja kwa mnada wa kiti au kwa kulipia kaunta siku ya safari: mara nyingine mnachonunua ni kiti tu, launji na kilo za mizigo vinabaki vya tiketi ya zamani. Soma kabla ya kubonyeza lipa.

Pili, launji za kukodi. Nje ya kituo chake kikuu, shirika mara nyingi halina launji yake. Linaingia mkataba na launji ya watu wengine na kulipa kwa kila kichwa. Jioni moja launji ileile inapokea abiria wa ndege tano zinazoondoka ndani ya saa mbili. Viti vikijaa mlango unafungwa, maana idadi ya watu inabanwa na kanuni za moto. Aliyelipia daraja la biashara anabaki koridoni na sanduku lake. Hapa ndipo ninapochemka, wakuu: shirika lilijua idadi ya viti vyake vya biashara miezi kabla, likasaini mkataba usiotenga nafasi, likapata bei nafuu. Kisha linasema "launji imejaa, samahani" kana kwamba ni mvua.

Ukifungiwa, usiondoke mlangoni kimya kimya. Piga picha ya tangazo la kujaa, saa ionekane. Muulize mhudumu jina la launji na wakati wanaotarajia nafasi. Kisha nenda kaunta ya shirika, au dawati la uhamisho kama uko transiti, udai kuponi ya chakula papo hapo. Ukikosa, kula mgahawani, tunza risiti na kipande cha pasi ya kupandia, ukifika nyumbani andika malalamiko ukidai thamani ya launji ambayo ilikuwa ndani ya tiketi. Usidai "fidia ya usumbufu", watakupa maili 2,000 za zawadi na pole. Dai kitu ulichonunua na hukupewa.

Sheria haitakubeba sana hapa, mjue mapema. Kanuni ya 261 inayotumika kwa ndege yoyote inayoondoka Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya inasema ukishushwa daraja kwenye safari ya zaidi ya kilomita 3,500 unarudishiwa asilimia 75 ya bei ya kipande hicho ndani ya siku saba. Launji haijatajwa. Kinachotajwa ni kwamba ndege ya umbali huo ikichelewa saa nne au zaidi, shirika linawajibika kukulisha, uwe wa biashara au wa ikonomi. Ukiondokea Doha kwa ndege isiyo ya Ulaya kwenda Dar, kanuni hiyo haikuhusu kabisa.

Tatu, kadi za kuingilia launji. Priority Pass, LoungeKey, DragonPass, hizi ambazo benki zetu zinawagawia wateja wa akaunti kubwa kwa mbwembwe. Mlangoni foleni ni hii: kwanza abiria wa mashirika yenye mkataba, kisha waliolipia nafasi mapema, wa mwisho ni ninyi wa kadi. Jioni, ambapo ndege za usiku zote zinajazana, wa mwisho hapati kitu. Na hata akiingia kuna ukomo, nyingi hazikuruhusu kuingia zaidi ya saa tatu kabla ya muda wa kuondoka. Mtu wa transiti ya saa saba Doha au Istanbul anafukuzwa, anaambiwa arudi baadaye, akirudi imejaa.

Kama launji inaruhusu kuhifadhi nafasi kwa ada, lipia; hiyo ada ni ndogo kuliko chakula cha mgahawa wa kiwanja. Hakikisha launji iko kwenye tamino yako (jengo la abiria unaloondokea). Heathrow, tamino 4 na tamino 5 zimejitenga, launji nzuri ya tamino 3 haikusaidii chochote ukiwa umeshapita ukaguzi wa tamino 4. Jina kwenye kadi lifanane na la kwenye pasi ya kupandia. Na kabla ya kusaini kwenye mashine, angalia idadi ya wageni iliyoingizwa. Mgeni mmoja wa ziada ni takribani dola 35, na benki itakukata mwezi unaofuata bila kukuuliza.

Nne, ukishaingia. Chakula kimebaki tambi zilizokauka na supu. Bafu mbili kwa watu 150. Nenda mapokezi ya bafu ndani ya dakika tano za kwanza, jiandikishe KABLA ya kukaa, kwa kuwa kila mtu anachukua dakika 20 hadi 30 na usafi katikati. Kula kitu cha wali, kuku au samaki, mboga. Achana na maharage na soda: kwenye ndege za kawaida hewa ya ndani ni sawa na ya mlima wa futi hadi 8,000, gesi tumboni inapanuka karibu theluthi moja; kwenye Boeing 787 inashikiliwa kwenye futi 6,000, robo hivi. Kahawa ya saa moja jioni bado nusu yake iko damuni saa sita usiku. Ya bure, ndiyo. Iache.

Na launji nyingi hazitangazi ndege. Anayesubiri kuitwa ataitwa na geti lililofungwa. Heathrow geti hufungwa dakika 20 kabla ya kuondoka. Istanbul kutembea kwenda geti la mbali kunaweza kula dakika 20, Doha mageti ya kaskazini kuna treni ya ndani. Toka launjini saa nzima kabla ya ndege kuondoka.

Nimemaliza kwa sasa. Wenye majina ya bei zinazoficha launji wayaweke hapa, mawakala wasomao kimya kimya nao wajitokeze.

#2
Ongezea chaji mkuu, maana soketi za launji ni vita nyingine. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa inaingia London, Doha, Dubai na Muskat bila kitu. Istanbul, Amsterdam na Frankfurt unahitaji adapta ya miguu miwili ya mviringo. Na chaji pawabanki yako launjini kwa sababu kuna mashirika yamepiga marufuku kuitumia angani. Emirates ni tangu Oktoba 2025. Ukomo wa kawaida ni 100 Wh (wati-saa): chukua mAh zilizoandikwa juu yake, zidisha 3.7 gawa kwa 1,000. Ya 20,000 ni 74, unapita. Ya 30,000 inapita ukomo, itakuletea maneno.

#3
Mnalialia tu. Ukiwa na pesa ya biashara huna pesa ya mgahawa? Kula, vaa soksi, panda, lala. Launji ni ulimbukeni.

#4
Wa #3, mgahawa hauna bafu. Na kwa sisi wa Maghrib na Isha, launji yenye chumba cha sala na pa kutawadha ni jambo kubwa. Unajumuisha sala zako chini, hulazimiki kutawadha kwenye choo cha ndege chenye bomba la kubonyeza. Ukienda bafuni beba kandambili zako, taulo wanatoa, za miguuni mara nyingi hawana.

#5
Mleta uzi, swali. Mke na mtoto wa miaka mitatu wako ikonomi, mimi biashara. Naingia nao?

Mleta uzi
#3, umelipa kiti cha bei ya Noah chakavu halafu unashauri watu wakapange foleni ya baga. Sawa.

#5, tiketi ya biashara yenyewe kwa kawaida haibebi mgeni. Anayebeba mgeni ni kadi ya uanachama: Star Alliance Gold, SkyTeam Elite Plus, oneworld Sapphire na Emerald, mgeni mmoja. Star wanataka mgeni awe kwenye safari hiyohiyo. Mama ataingia kama mgeni, mtoto wa miaka mitatu launji nyingi zitamhesabu kichwa kamili. Walio chini ya miaka miwili ndio mara nyingi hupita bure. Uliza kabla kwa barua pepe na uende na jibu lao kwenye simu. Wakimkataa mtoto, lipia nafasi yake mapema mtandaoni, mlangoni jioni hawatakuuzia.