Nimeapa kuwa avoka wa staji (wakili anayejifunza kazi) Lubumbashi, Kongo: nilipe nini kwanza, na kibanda changu nifunge?

Binti_Katuba
Jambo yenu wakubwa. Nimekula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi na jina langu liko kwenye orodha ya staji ya Baro, yaani chama cha mawakili, ya Haut-Katanga. Mama alishona kitenge kipya siku ile. Sasa yamefuata malipo: uandikishaji, toga, kadi, tena kotizasio, ule mchango wa kila mwaka kwa Baro. Patroni wangu wa staji, wakili anayenisimamia, ni mtu mwema, lakini ananipa nauli tu, na si kila wiki. Nyumbani wakisikia "avoka" wanajua pesa ipo, kumbe mimi ndiye ninayehitaji kusaidiwa. Nina kibanda cha vitenge na kutuma pesa kwa simu kule soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini. Ndicho kilichonisomesha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nilipe kipi kwanza? Nikichelewa kotizasio itakuwaje? Na kibanda naweza kuendelea nacho?

Yaya_Toga
Hongera sana, mdogo wangu. Tenganisha kwanza: uandikishaji unalipa mara moja, kotizasio inarudi kila mwaka muda wote utakaokuwa avoka, hata ukishatoka staji na kuingia kwenye tablo, ile orodha ya mawakili kamili. Kiasi usikiulize kwenye korido za mahakama, kila mtu atakutajia chake. Nenda sekretaria ya Baro, uone uamuzi wenyewe wa Baraza la Baro. Na risiti iandikwe jina lako na mwaka unaolipia. Nimeona vijana wakimkabidhi mwenzao pesa "awapelekee", halafu siku ya kuomba tablo hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Staji ni miaka 2, karatasi zinapotea haraka.

Mzee_Kampemba
Kuhusu kuchelewa. Asiyelipa bila sababu ya maana anaweza kuondolewa kwenye orodha. Hiyo siyo adhabu ya nidhamu kama onyo, karipio, kusimamishwa au kufutwa, lakini kwako matokeo ni mazito vilevile: jina likiondoka, huwezi kusimama mbele ya hakimu kama avoka, na mteja wako anabaki peke yake. Andikia batonie, mkuu wa Baro, kabla tarehe haijapita, eleza hali yako, omba kulipa kwa awamu. Anayeomba mapema anasikilizwa tofauti na anayetafutwa.

Mwana_Lualaba
Si uhamie Kolwezi? Lualaba wana Baro yao siku hizi, na makampuni ya madini yako kule.

Mzee_Kampemba
Ndugu, usimchanganye mtoto. Avoka anaandikwa kwenye Baro moja. Kuhama ni faili jipya na gharama mpya, na staji yake imeanza hapa.

Metre_Mama_Wawili
Mimi nataka nizungumzie kibanda, maana hapo ndipo pana hatari kubwa kuliko kotizasio. Sheria yetu ya Baro, ile ya tarehe 28 Septemba 1979, hairuhusu avoka kufanya biashara. Kufundisha sheria inaruhusiwa, kwa hiyo kama chuo kinatafuta msaidizi, omba. Kuuza vitenge, hapana. Najua inauma, kibanda hicho ni jasho lako. Lakini usije ukaandika jina la dada huku daftari na funguo umeshika wewe. Mshindani mmoja sokoni akikushitaki kwa batonie, utajieleza nini? Kama unamwachia dada, mwachie kweli: mali, faida, maamuzi. Akikusaidia baadaye kama ndugu, huo ni undugu. Na familia waelezwe waziwazi kwamba miaka hii ya kwanza wewe bado unajifunza kazi. Wazazi wengi wanaelewa wakiambiwa kwa heshima, wanachokasirikia ni kufichwa.

Yaya_Toga
Naongeza kuhusu pro deo, kesi za kutetea bila malipo. Utapewa kesi za watu wasio na uwezo kupitia ofisi ya ushauri wa bure. Hazipunguzi kotizasio, na yule mteja usimwombe hata ya usafiri ili ujazie deni lako. Mfungwa wa gereza la Kasapa asiye na mtu anakutegemea wewe tu.

Binti_Katuba
Asanteni sana, wakubwa. Dada nitazungumza naye leo jioni, mama akiwepo. Barua kwa batonie inapitia kwa patroni, au napeleka mwenyewe?

Yaya_Toga
Peleka mwenyewe sekretaria, nakala mbili, wakupigie muhuri wa kupokea kwenye ile yako. Patroni mwambie kabla, asiisikie kwa watu.