Mkataba wa reli usiotaja hali ya vichwa vya treni ni mkataba wa nini?

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila mara hoja ya kumleta mwendeshaji binafsi kwenye reli yetu ya zamani inapoibuka, tunasomewa majina ya wabia, ukubwa wa mtaji na tani zitakazosafirishwa, ilhali swali la msingi huachwa pembeni: mabehewa hayo yatavutwa na nini, na vichwa hivyo vitakuwa mali ya nani?

Chukueni mfano wa Rift Valley Railways. Novemba 2006 kampuni hiyo, ikiongozwa wakati huo na Sheltam ya Afrika Kusini, ilikabidhiwa usafirishaji wa mizigo kwenye reli ya Kenya na Uganda kwa muda wa miaka 25. Ada ya kuingia ilikuwa dola milioni 3 kwa Kenya na milioni 2 kwa Uganda. Kwa fedha hizo, ambazo zisingenunua zaidi ya vichwa vipya viwili vitatu vya njia kuu, ilipata reli ya kutoka Mombasa hadi Kampala, karakana, mabehewa na vichwa vya umma, vikiwemo vile vya daraja la 93 vilivyoundwa na General Electric miaka ya 1970. Mwekezaji anayeingia na vichwa vya mwenye nyumba, tena vyenye umri wa karibu miaka 30, alipaswa kuulizwa siku hiyo hiyo ataleta vyake lini.

Njia ile haina huruma kwa mashine chakavu. Treni ya shehena huanzia usawa wa bahari, hupanda hadi Nairobi iliyo juu ya mita 1,600, huteremka Bonde la Ufa, kisha hupanda tena hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Kichwa kikifia mlimani, kwa kuwa njia ni moja, treni zote zilizo nyuma yake husimama, na kichwa cha kwenda kukivuta hukatwa kutoka treni nyingine ambayo nayo sasa haiondoki. Mfanyabiashara wa Kampala mwenye kontena bandarini hasubiri mambo hayo yamalizike. Anaita lori.

Sasa sikilizeni: vichwa 20 vilivyonunuliwa Marekani vilianza kuwasili mwaka 2014, yaani miaka minane baada ya makabidhiano, wakati udhibiti wa kampuni ulikwisha hamia kwa Citadel Capital ya Misri. Havikuwa vipya, bali vilivyotumika na kukarabatiwa. Hilo halinisumbui sana, kwa sababu kichwa cha zamani chenye vipuri na fundi anayekijua kina faida kuliko kipya kinachosubiri kifaa kutoka ng'ambo. Kinachonikera ni ile miaka minane, ambayo hakuna serikali iliyopaswa kuivumilia. Mwaka 2017 Kenya ilivunja mkataba, ikilalamikia ada zisizolipwa na malengo ya mizigo yasiyofikiwa, na Uganda ikafuata.

Watanzania tusicheke. Mwaka 2007 tuliipa RITES, kampuni ya India, asilimia 51 ya TRL, yaani Kampuni ya Reli Tanzania, Serikali ikabaki na 49, kisha vikaja vichwa 25 vya kukodi kutoka kwa mbia huyo huyo. Yaani mwenye sauti kubwa katika kuamua kampuni ikodi nini ndiye pia aliyekuwa upande wa pili wa meza akipokea kodi! Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25 haukufika hata mitano.

Najua watakaosema njia ilikuwa mbovu. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba reli iling'olewa Kibera, Nairobi, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya. Lakini ubovu wa njia ulionekana kwa macho kabla ya mtu yeyote kutia saini, na haumzuii mtu kuagiza vichwa.

Ninachodai ni hiki. Kabla ya mkataba mwingine wowote, itangazwe orodha ya vichwa kwa namba zake, ikionyesha hali ya kila kimoja siku ya kukabidhiwa, mara ya mwisho kilipofumuliwa na kuundwa upya, na mmiliki wake. Mwendeshaji atozwe faini kwa kila mwezi ambao idadi ya vichwa vinavyofanya kazi iko chini ya ile aliyoahidi, maana takwimu za tani huja mwishoni mwa mwaka wakati madhara yamekwisha kutokea. Mwenye hisa asiikodishie kampuni mashine zake bila zabuni ya wazi. Na siku ya kurudisha, mkaguzi asiye wa upande wowote aingie karakanani na orodha ile ile mkononi.

Kama yupo mwenye nakala ya orodha ya makabidhiano ya 2006 au ya 2007, aiweke hapa tuisome namba kwa namba.