Hofu ya Zeus: je, ni ubunifu wa watunzi wa leo au ilikuwemo tangu kale?

Mtunzi_Sinza

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi na wenzangu wa kikundi cha maigizo hapa Sinza tunaandaa mchezo wa jukwaani unaozileta hadithi za miungu ya Ugiriki katika zama zetu. Zeus wetu anaishi katika jumba la ghorofa linalotazama bahari, ana walinzi, na kila jioni anawahutubia watu kwa televisheni. Lakini tangu onyesho la kwanza anaogopa kwamba atapinduliwa, na hofu hiyo inamfanya amshuku mkewe, ndugu zake na hata watoto wake.

Ubishi umezuka kwenye mazoezi. Baadhi ya waigizaji wanasema tunamdhalilisha, kwa kuwa mungu mwenye radi mkononi, ambaye hakuna anayemzidi nguvu, hana sababu ya kukosa usingizi. Wengine wanadai kwamba Zeus mwenye wasiwasi ni mtindo wa tamthilia za siku hizi tu, na kwamba sisi tunaiga. Naomba msaada wa wanaozifahamu hadithi hizi: je, hofu hiyo imo katika masimulizi ya kale? Na kama imo, anaogopa nini hasa?

Mwalimu_Upanga

Mwanangu, hofu hiyo imo, tena imo katika msingi wenyewe wa utawala wake. Mshairi Hesiod, katika utenzi wake juu ya nasaba ya miungu, anasimulia jinsi mamlaka yalivyopita mikononi mwa vizazi vitatu, na kila mara aliyemng'oa baba alikuwa mwanawe wa kumzaa. Uranos aliwazuia watoto wake wasitoke tumboni mwa mama yao, Gaia, mpaka Kronos alipomvizia na kumkata kwa mundu. Kronos naye aliambiwa na wazazi wake hao hao kwamba atashindwa na mtoto wake, akawa anawameza kila wanapozaliwa: Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon. Zeus aliokoka kwa sababu mama yake, Rhea, alimficha Krete na kumpa mumewe jiwe lililoviringishwa katika nguo za mtoto mchanga. Mtu aliyekipata kiti kwa njia hiyo anajua kuliko yeyote jinsi kiti hicho kinavyoweza kuchukuliwa.

Wala hakukaa bure na ujuzi huo. Alipoonywa kwamba mkewe wa kwanza, Metis, atazaa binti mwenye hekima, na baada yake mwana atakayekuwa mfalme wa miungu na wanadamu, Zeus alimmeza Metis angali mjamzito. Binti, yaani Athena, akatokea kichwani mwa baba yake. Mwana hakuzaliwa kamwe. Angalia alivyomzidi Kronos ujanja: baba alimeza watoto, yeye akammeza mama. Kwa hiyo waambie waigizaji wako kwamba anayeogopwa hapa si adui wa kutoka nje. Ni mtoto ambaye bado hajatungwa mimba, na dhidi ya mtu wa namna hiyo radi haina kazi.

Jambo hilo linarudi tena kwa Thetis, mungu wa kike wa baharini, ambaye ilitabiriwa kwamba atazaa mwana mwenye nguvu kuliko baba yake. Zeus na Poseidon wote wawili walikuwa wakimtaka, lakini utabiri ulipojulikana akaozwa kwa binadamu, Peleus, na mwana aliyezaliwa akawa Achilles. Katika tamthilia ya kale ya Prometheus, mungu aliyefungwa mwambani na Zeus kwa kuwapa wanadamu moto, inayohesabiwa kuwa ya Mgiriki Aeschylus, anayeijua siri hiyo ni Prometheus peke yake, na mtawala wa ulimwengu hawezi kumlazimisha aitamke.

Msomaji_Kigamboni

Shikamoo mwalimu. Ushahidi wako naukubali wote, ila sioni kwamba unatufikisha kwenye Zeus asiyejiamini. Mtu anaweza kuijua hatari, akaikabili kwa utulivu, na akaendelea kuwa mtawala thabiti. Ukiendelea kumsoma Hesiod huyo huyo, unamkuta Zeus aliyejenga dola kwa busara kubwa. Kabla ya vita na Watitani, yaani Kronos na miungu wa kizazi chake, ambavyo vilidumu miaka 10, aliwaita miungu wote Olympus akaahidi kwamba atakayepigana upande wake hatanyang'anywa heshima aliyokuwa nayo, na aliyenyimwa na Kronos atapewa anachostahili. Styx, mungu wa kike wa mto wa kuzimu, alikuwa wa kwanza kuitikia, akaja na wanawe, miongoni mwao Kratos na Bia, yaani Nguvu na Mabavu, nao wakawa hawakai mbali na Zeus siku zote. Aliwafungua pia wale watatu wenye mikono mia, Briareos, Kottos na Gyges, waliokuwa wamefungwa chini ya ardhi, na hao ndio waliomgeuzia vita vikawa ushindi. Baada ya hapo miungu wenyewe walimwomba atawale.

Faida yake inaonekana katika Iliad, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troya. Hera, Poseidon na Athena walipanga kumfunga Zeus kamba, na aliyemwokoa alikuwa Thetis, ambaye alimwita Briareos aje aketi kando yake mpaka wale wengine wakaogopa na kuliacha shauri lao. Yule ambaye Zeus alimfungua zamani ndiye aliyekuja kumlinda. Masimulizi mengi ya kisasa huutupa upande huu wote, yakabaki na mzee mwenye hasira anayejitazama kwenye kioo, na mtazamaji hapati kuelewa mtu kama huyo ametawala vipi muda wote huo. Naomba sana msifanye hivyo.

Mtunzi_Sinza

Shikamoo mwalimu, na ahsante sana ndugu wa Kigamboni. Nimeona pengo letu: Zeus tuliyemwandika hana mtu yeyote aliyemsaidia kufika alipo. Sasa nauliza, tukionyesha kwamba aliahidi na kwamba ameanza kuvunja ahadi, tutakuwa tumetoka nje ya hadithi? Na Poseidon, je, inafaa awe ndugu mtiifu?

Jukwaa_Mlimani

Dada, hamtakuwa mmetoka nje hata kidogo. Katika tamthilia aliyoitaja mwalimu, Prometheus analalamika kwamba yeye alisimama upande wa Zeus wakati wa vita na Watitani, na shauri lake ndilo lililoleta ushindi. Na wanaomfikisha mwambani ili Hephaestus ampigilie minyororo ni Kratos na Bia, wana wa yule Styx aliyeitikia wa kwanza. Mshirika mmoja anafungwa na watoto wa mshirika mwingine. Ningekuwa mimi ndiye mwongozaji, walinzi wa jumba lenu wangekuwa hao wawili, na Kratos ndiye angesema maneno yote, kwa maana katika mchezo ule wa kale Bia hatamki hata neno moja.

Poseidon asiwe mtiifu. Katika Iliad anakumbusha waziwazi kwamba ndugu watatu walipiga kura: yeye akapata bahari, Hades akapata kuzimu, Zeus akapata mbingu, na kwamba ardhi pamoja na Olympus vilibaki mali ya wote. Anarudi nyuma mwishoni, lakini kwa kinyongo. Mpeni hoja hiyo ya kisheria, kwa sababu inamuuma Zeus kuliko matusi.

Kuhusu watazamaji wa Dar es Salaam, msiwe na shaka kwamba hofu ya mtawala itakuwa ngeni kwao. Wengi wanazijua habari za Fumo Liyongo, ambazo Muhammad Kijumwa alizitungia utenzi mwaka 1913: sultani wa Pate anamwogopa shujaa, na njia anayoipata ni kumrubuni mtoto wa shujaa amchome baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Tena S. S. Mushi alikwisha kututafsiria Mfalme Edipode, tamthilia ya Mgiriki Sophocles, ambamo mfalme Laios anamtupa mtoto wake ili kuukwepa utabiri, na utabiri unatimia kwa sababu hiyo hiyo. Isomeni kwa sauti katika mazoezi. Laios alijaribu akashindwa. Zeus alijaribu akafaulu, na ninavyomwona mimi ndiyo maana hapumziki, kwa kuwa aliyefaulu mara moja analazimika kufaulu kila mara.

Mwalimu_Upanga

Marahaba, wanangu. Nakubaliana na mwenzetu wa Kigamboni kwamba busara yake ionyeshwe, na ningependa ionekane kabla ya hofu. Neno langu lingine ni juu ya siri. Katika tamthilia ile watazamaji wanaambiwa kwamba hatari imo katika ndoa fulani ambayo Zeus ataitaka, lakini jina la Thetis halitajwi popote. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Thetis aingie mapema kama mgeni wa kawaida wa jumba, yule aliyewahi kumwokoa, na Zeus aanze kumposa huku Prometheus akiwa bado amenyamaza.