Mwanamke mwalimu wa kemia, vyuo vya jamii California: atokeje kazi ya muda aingie ajira ya kudumu?

Mkemia_Bondeni
Wakuu, habari za kazi. Nauliza kuhusu vyuo vya jamii vya California, hivi vya miaka miwili. Mwalimu ana uzamili wa kemia wa Dar es Salaam, amefundisha chuo miaka 6 nyumbani, na sasa anafundisha kwa muda huko. Wanawake ni zaidi kidogo ya nusu ya walimu wa vyuo hivi, ila kwenye fizikia na uhandisi bado wachache. Je, miaka ya muda inahesabiwa? Uzamivu ni lazima? Mshahara unajadilika? Na akipata mimba, afanyeje na kemikali za maabara?

Saa_za_Maabara
Dada, miaka ya muda haihesabiwi kuelekea ajira ya kudumu, hata ifike kumi. Sheria ya elimu ya jimbo inamwekea mwalimu wa muda kikomo cha asilimia 67 ya mzigo wa mwajiriwa kamili katika wilaya moja ya vyuo (mamlaka inayoendesha chuo kimoja au zaidi), na akiwa ndani ya kikomo hicho anabaki wa muda.

Sasa tazama kemia inavyobanwa. Kozi ya mwaka wa kwanza huwa na saa 3 za mhadhara na saa 6 za maabara kwa wiki, na mikataba mingi haiihesabu saa ya maabara kuwa saa kamili. Mkataba wa hali bora ukisema saa ya maabara ni 0.67 ya saa ya mhadhara, kozi hiyo ni 3 + 4.02, yaani 7.02. Mzigo kamili ni saa 15 kwa wiki, kwa hiyo kikomo cha wa muda ni 10.05. Kozi ya pili ya aina hiyo haiingii, ndiyo maana walimu hawa wanashinda barabarani kati ya wilaya mbili tatu. Mwajiriwa kamili naye akibeba kozi mbili anasomeka 14.04 kwenye karatasi huku akisimama mbele ya wanafunzi saa 18. Mwenzake wa Kiingereza anamaliza mzigo kwa saa 15.

Kwangu mimi hili linawaumiza wanawake wa sayansi kuliko suala la vyeo. Vyuo hivi havidai machapisho, na ngazi za vyeo ni chache. Kinachoangaliwa ni ufundishaji, kazi za kamati na kuwalea wanafunzi, na mambo hayo yanahitaji saa. Mwanamke pekee kwenye idara huombwa kila kamati ya usaili na kila klabu ya wasichana wa sayansi, juu ya saa 3 ambazo mkataba hauzioni. Kabla ya kuomba kazi, pakua mkataba wa chama cha walimu wa wilaya hiyo, tafuta kipengele cha mzigo wa kazi, usome namba ya maabara. Penye 0.75 kozi mbili zinatimiza 15. Penye 1, kozi moja tu ni 9. Wilaya jirani zinaweza kutofautiana hivyo.

Nyaraka_Kwanza
Uzamivu si lazima. Sifa ya chini ya kemia ni uzamili wa kemia. Kwa kuwa shahada ni ya nje, ipimwe na wakala mwanachama wa NACES (umoja wa mawakala wa Marekani wanaotathmini vyeti vya nje), na uombe tathmini ya kozi kwa kozi. Ile ya jumla hurudishwa mara nyingi.

Jedwali la mshahara lina safu za elimu na ngazi za miaka. Jedwali halijadiliki, ila pa kuanzia panategemea nyaraka. Barua ya chuo cha nyumbani itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, kwamba ajira ilikuwa ya muda wote, na kozi alizofundisha. Barua inayosema tu "alikuwa mtumishi mwadilifu" haimpi hata ngazi moja. Aipeleke kabla ya kusaini. Akianza ngazi tatu chini, pengo hilo linamfuata mpaka kwenye pensheni.

Akishaajiriwa kwa mzigo kamili, huanza na kipindi cha majaribio kabla ya ajira ya kudumu: mkataba wa kwanza mwaka mmoja, wa pili mwaka mmoja, wa tatu miaka miwili, na bodi ya wilaya lazima itoe uamuzi wa kumwendeleza au la kwa maandishi ifikapo Machi 15. Kwa hiyo kinachopimwa hasa ni muhula unaoanza Agosti. Asisubiri muhula wa pili kurekebisha alichoambiwa.

Mama_Maabara
Kuhusu mimba: tangu Juni 27, 2023 sheria ya shirikisho inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi ampe mjamzito marekebisho yanayofaa ya kazi. Ombi la jumla jumla hucheleweshwa, kwa hiyo aende na orodha. Achukue ratiba ya majaribio wiki kwa wiki, afungue karatasi ya usalama ya kila kemikali, sehemu ya 2, atafute alama H360 au H361 (madhara kwa uzazi). Kisha aandike: wiki ya 5, kemikali fulani, naomba jaribio mbadala au mwenzangu asimamie. Walimu wa anatomia nao waulizie fomalini, dawa ya kuhifadhia miili.

Likizo ya shirikisho ni wiki 12 bila malipo, na inadai saa 1,250 za kazi katika miezi 12 iliyotangulia. Wa muda mwenye saa 9 za darasani hawezi kufika kama maandalizi na kusahihisha havikuhesabiwa. Aziandike kila siku, tarehe na saa.

Na aliye kwenye kipindi cha majaribio ya ajira ajihadhari: mwaka unahesabiwa kamili akitumikia angalau asilimia 75 ya siku za mwaka wa masomo. Wiki 12 ndani ya muhula zinaweza kumshusha chini ya hapo, mwaka ukarudiwa. Apige hesabu na mtu wa chama kabla ya kuchagua tarehe.

Mkemia_Bondeni
Asanteni sana. Na nani anachanganya miyeyusho ya maabara?

Saa_za_Maabara
Penye fundi wa maabara, yeye. Pasipo naye, mwalimu, na mara nyingi bila malipo. Uliza hilo kwenye usaili, na uulize fundi yupo siku ngapi, kwa sababu vyuo vingine vinaye asubuhi tu na kozi za jioni zinabaki mikononi mwa mwalimu wa muda.