Nepi za kitambaa au pampasi? Jumamosi naenda Kariakoo

Mama Kijacho: Wapendwa, natarajia mtoto wa kwanza mwezi wa nne. Ninunue nepi au pampasi? Mume anasema pampasi, mama mkwe hataki hata kuzisikia.

Wa Tabata: Hujasema unakaa wapi, maji unapataje, nani atafua. Tukushauri nini sasa?

Nasra: Kichanga anabadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Anza na hesabu hiyo.

Mama Kijacho: Samahani. Niko Kimara, chumba na sebule, kamba ya uani tunachangia wapangaji wanne. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Kufua nitafua mwenyewe.

Mama Twaha: Mdogo wangu, mwezi wa nne ni masika! Mimi nilijifungua masika. Nepi dazeni mbili, zote mbichi, nikawa naanika kivulini chini ya mwembe. Nikachoka, nikaacha kupiga pasi. Wiki ya tatu mtoto akatoka majipu mapajani, analia usiku kucha, mimi nampaka poda. Kufika hospitali, nesi anakamua: funza. Inzi anataga kwenye nguo mbichi, mayai yakianguliwa funza wanaingia kwenye ngozi. Niliona wanne wakitoka kwa mwanangu. Hadi leo napiga pasi hata soksi.

Baba Wawili: Ndiyo maana sisi ni pampasi tu.

Bibi Halima: Pampasi nazo zinachubua. Mjukuu wangu alilazwa na moja hadi asubuhi, akaamka mwekundu.

Nasra: Bibi, shikamoo. Kinachochubua ni kukaa na mkojo. Hata nepi ya kitambaa ikichelewa kubadilishwa inachubua. Mchana kitambaa, usiku pampasi.

Wa Tabata: Zilizotumika mnatupa wapi? Gari la taka kwetu linapita likijisikia. Mimi nachoma.

Mama Twaha: Usichome! Mtoto atababuka.

Wa Tabata: Hiyo imani tu, dada.

Mama Twaha: Nimeona kwa macho yangu.

Baba Wawili: Mtoto hababuki, ila moshi wa plastiki tunauvuta uani kote. Na msitumbukize chooni, zinavimba. Chetu kiliziba, mwenye nyumba akatugawia gharama.

Bibi Halima: Marahaba Nasra. Mama Kijacho, sabuni ya mche inatosha, suuza hadi maji yawe meupe. Jiki usitie.

Mama Kijacho: Asanteni. Sasa pasi: umeme kwetu unakatika sana. Ya mkaa inafaa?

Nasra: Inafaa, ila chunga cheche. Mimi ilinitoboa nepi mbili.