Ushauri: Kata imeambiwa ichague kimoja, gari la taka au choo cha soko

Mwenyekiti_Mtaa:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa katika mojawapo ya majiji yetu hapa Tanzania, nilichaguliwa Novemba 2024, kwa hiyo mambo ya bajeti bado najifunza. Wiki ijayo tuna kikao cha WDC, yaani Kamati ya Maendeleo ya Kata, kupanga vipaumbele vya mwaka ujao wa fedha. Mtendaji wa kata ametudokeza kwamba ukomo wa bajeti umebana, tusitarajie zaidi ya mradi mmoja kutoka mapato ya ndani ya jiji.

Wajumbe wengi wanataka gari la taka. Mimi na wachache tunataka choo cha soko kijengwe upya. Kilichopo kina matundu manne, mawili yamepigiliwa mbao, maji ni ya kuchota kwenye pipa. Kuna mama anauza mchicha karibu na geti, aliniambia akishaamka hanywi hata chai mpaka saa nane anaporudi nyumbani, maana hataki kuingia mle. Tangu siku hiyo maneno yake hayanitoki.

Nitakiteteaje choo hiki kwa hoja za fedha, si kwa huruma peke yake?

Mstaafu_Mipango:
Mwenyekiti, nimekaa idara ya mipango miaka mingi, nikwambie tulipokuwa tunakosea. Tulitazama bei ya kununua, hatukutazama gharama za kukaa na kitu chenyewe. Gari likifika linataka mafuta kila siku, dereva, vibarua wa kupakia, bima, tairi, matengenezo. Hayo yanatoka kwenye matumizi ya kawaida, na makusanyo yakishuka hapo ndipo panapokatwa kwanza. Halmashauri moja niliyofanyia kazi ilikuwa na gari zima kabisa, likalala uani kwa kukosa pampu ya haidroliki. Lilikaa mpaka mpapai ukaota katikati ya tairi za nyuma. Kila nikipita pale niliumia.

Kwenye kikao usiulize gari ni shilingi ngapi. Uliza tripu moja hadi dampo itagharimu kiasi gani, na mwaka wa tatu italipwa kutoka fungu gani. Choo nacho kiulizwe hivyo hivyo, usikionee haya. Na uwahi, kwa sababu rasimu ya bajeti hupita baraza la madiwani miezi kadhaa kabla ya Julai Mosi, mwaka wa fedha unapoanza. Ukichelewa unaambiwa subiri mwakani.

Mama_Dagaa:
Kaka mwenyekiti, asante kwa kutukumbuka. Mimi niko soko la mji mwingine. Ushuru nalipa kila asubuhi, napewa risiti ya mashine kabla sijafungua hata gunia. Mkisema mapato ya ndani, ni sisi hao.

Choo chetu kilijengwa upya, tunalipa 200 kila ukiingia, na tunalipa bila kinyongo kwa sababu maji yapo na mlango una komeo. Shida ilikuja kwa aliyepewa kukiendesha. Miezi michache tu akaanza kufunga saa kumi jioni, anasema maji ghali, wakati sisi wengine tunauza mpaka usiku. Andikeni saa za kufungua kwenye mkataba. Na upande wa wanawake msisahau pa kutupia pedi, jamani. Wanaochora ramani hawalikumbuki hilo.

Kijana_wa_Mtaroni:
Mkuu, naomba nipinge kidogo. Kwetu walijenga choo kizuri, taka zikaachwa. Masika ilipokuja ikazisomba mtaroni, mtaro ukaziba, maji machafu yakaingia sokoni mpaka ndani ya choo chenyewe. Tuliogopa sana kipindupindu mwaka ule. Msiziweke taka pembeni.

Ila gari si lazima mlinunue. Kikundi cha usafi kinaweza kupewa zabuni ya kuzoa, kilipwe kwa tripu zilizosainiwa ofisi ya mtaa. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kijisajili mapema tu kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Mtaro wa barabara ongeeni na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, hiyo ni kazi yao tangu 2017.

Mstaafu_Mipango:
Kijana ameongea. Kikundi hicho hicho kinaweza kuomba mkopo kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Wakipata guta mbili za kutoa taka vichochoroni, lori litakuja kwenye kituo kimoja tu, na tripu zitapungua.

Mwenyekiti_Mtaa:
Nimerudi wakuu. Leo nimekaa sokoni na daftari, saa 12 asubuhi mpaka saa 4. Walioingia chooni ni 61, na hata kile kibovu wanalipia 200, kwa hiyo ni 12,200 kwa saa nne. Waliofika mlangoni wakachungulia wakageuka ni 23, karibu wote akina mama. Fedha ya hao waliogeuka soko linaikosa kila asubuhi, na nitaisema hivyo kikaoni.

Nitapeleka choo kama mradi, na taka kama zabuni ya kikundi. Jumamosi naitisha mkutano wa mtaa kwanza. Mama wa mchicha nimemwomba aje aseme mwenyewe. Amekubali, ila mkutano uanze saa tisa, akishamaliza kuuza.