Lori la umeme Malindi–Mokowe: litaenda na kurudi?

Msafirishaji_Maweni
Asalaam aleikum wakuu. Nimepata lori la umeme, betri kWh 600 (yaani yuniti 600 za stima), aina ya LFP, ile ya lithiamu, chuma na fosfeti. Kazi ni saruji na soda hadi Mokowe kule Lamu, kilomita 220 hivi, trela imejaa. Kurudi mara nyingi tupu. Chaji moja itatosha? Na maji yakifunika barabara Garsen?

Fundi_Stima
Waaleikum salaam. Piga hesabu kwa mzigo, usiifuate karatasi ya muuzaji. Trela ya tani 40 hula kWh 1.2 hadi 1.4 kwa kilomita, kwa hiyo kwenda tu ni kama 285. Kurudi tupu weka 0.8, yaani 175. Jumla 460, nawe betri usiishushe chini ya asilimia 10. Inatosha, ila msimu wa kusi mnarudi mkiukabili upepo, na kwa spidi ya 80 trela hula zaidi. Ukipata mzigo wa kurudi, hesabu imekataa: lazima uchaji Mokowe. Ile sifa ya breki kurudisha chaji waachie wanaoshuka milima, Witu hadi Mokowe ni bapa.

Chaja ya kW 60 itakuweka saa tano kwa zile 285. Ya kW 240 ni kama saa moja na robo, lakini hiyo inataka transfoma yake.

MwanaAmu
Mimi naogopa chumvi kuliko umbali. Baada ya kimbunga Ian, Florida 2022, kuna magari ya umeme yaliyozama maji ya bahari yakashika moto siku kadhaa baadaye. Chumvi hubaki ndani na kupitisha umeme kati ya seli. Maji yakifika kwenye boksi la betri: usiwashe, usichaji, livutwe, liegeshwe mita 15 mbali na jengo au gari jingine.

LFP huvumilia joto kuliko betri za nikeli, lakini seli ikiharibika bado hutoa gesi inayowaka. Lori la Tesla lililoungua California Agosti 2024 lilimwagiwa maji kama lita 190,000, yaani bauza 19 za lita 10,000. Ule mtungi wa kwenye kebini ni wa moto mdogo tu.

Na hewa yetu hii! Chunguza pini za soketi ya chaji kila wiki. Zikianza ukijani au mpira wa kifuniko ukipasuka, pini hupata joto kali na chaja hushusha nguvu.

Fundi_Stima
Taniboi asiguse waya za rangi ya machungwa, ni volti 600 hadi 800. Fundi azime, atoe plagi ya usalama, asubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, avae glavu za volti 1,000, kisha apime kama umeme umeisha kweli. Insulesheni (kinga ya umeme usivuje hadi kwenye bodi) iwe angalau ohm 500 kwa kila volti: kwa volti 700 ni kiloohm 350. Ikisoma chini ya hapo, gari lisitoke.

Msafirishaji_Maweni
Shukran. Mokowe nina kiwanja, laini ya stima inapita mlangoni.

Fundi_Stima
Soma kVA, yaani uwezo wake, kwenye kibati cha transfoma. Ikiwa 50 au 100 na mtaa mzima unaitegemea, hata chaja ya 60 itaisumbua jioni. Omba transfoma yako, na usilipe arbuni ya lori kabla hujajibiwa.